Bei Ikishuka Baada ya Kununua



Amri ya saba yakataza kuiba. Kila mkatekumeni ameisikia tangu siku za kwanza za mafundisho. Mtu aingiaye usiku katika ghala la mwenziwe hatuna shida kumtambua. Shida huanza pale watu wawili wanapouziana kwa hiari yao, kila mmoja akitafuta faida yake, na baadaye mmoja wao ajiona amepunjwa. Ndipo twaulizana: mwenye haki ni nani?

Swali letu la leo ni la namna hiyo. Mtu amenunua kitu. Siku chache baadaye, kabla hajakitumia, aona kitu kile kile kinauzwa kwa bei ndogo zaidi, pengine kwa muuzaji yule yule. Je, ni halali akirudishe, arudishiwe fedha zake zote, kisha anunue tena kwa bei mpya?

Katika masoko ya vijiji vyetu jambo hili halitokei mara nyingi. Ukinunua kitenge siku ya soko, umekishika, umekikunjua, umekitazama juani, mmebishana bei, ukalipa. Juma lijalo kikiuzwa kwa bei ndogo utasikitika, lakini hutamwendea mwenye kitenge ukamwambie, «Chukua nguo yako». Atakucheka, na majirani watacheka pamoja naye. Sheria ya nchi haiko mbali na kicheko hicho: amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo hata leo hutumika katika Kongo, yafundisha kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali huwafunga waliopatana kama sheria.

Lakini siku hizi iko biashara kubwa isiyo na soko. Mnunuzi akaa nyumbani kwake, tuseme katika Brussels au Chicago. Kwa njia ya intaneti atazama picha ya kitu katika simu yake, aandika jina lake na mahali akaapo, alipa kwa benki, na baada ya siku mbili tatu mchukuzi amletea sanduku mlangoni. Muuzaji hakumwona, wala kitu hakukishika. Na muuzaji naye aweza kubadili bei kwa kimya: afuta tarakimu moja, aandika nyingine, na asubuhi watu wote wakuta bei mpya. Wengi wetu tunao ndugu katika nchi hizo, na simu au viatu wanavyotuletea mara nyingi vimenunuliwa hivyo. Na katika miji yetu mikubwa wapo vijana walioanza kununua kwa njia hii. Kwa hiyo shauri lao si la wageni tu.

Tuulize kwanza: huyu aliyelipa bei kubwa, je, alidhulumiwa?

Wengi hujibu upesi: Ndiyo, maana leo chauzwa rahisi, basi jana waliniibia. Jibu hili si la kweli. Bei ya haki si jiwe la mpaka lisilohama. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha teolojia kwamba bei ya haki haipimiki kila mara mpaka nukta ya mwisho. Ni makadirio ya watu, na kuzidi au kupungua kidogo hakuondoi haki. Mahindi wakati wa mavuno hayana bei ya mahindi wakati wa njaa, wala hakuna amwitaye mwizi yule aliyeuza kabla ya mavuno. Ukilipa bei ambayo wengine wote walilipa siku ile, bila kudanganywa na bila kushurutishwa, umepata haki yako. Bei ya kesho haiwezi kurudi nyuma na kuigeuza bei ya jana kuwa wizi.

Je, ikiwa muuzaji alijua tangu jana kwamba kesho bei itashuka? Hapo jambo lazidi uzito, na wenye hekima wamelibishania kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Cicero, Mrumi, katika kitabu alichokiandika mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristu, asimulia habari ya mfanya biashara aliyeleta ngano kutoka Alexandria mpaka kisiwa cha Rhodes, ambako watu walikuwa na njaa. Njiani alikuwa ameziona merikebu nyingine zenye ngano zikielekea kisiwa hicho hicho. Je, awaambie watu wa Rhodes kwamba ngano nyingi yaja, na hivi bei yake mwenyewe ianguke? Au anyamaze na kuuza kwa bei ya njaa? Cicero atuonyesha wanafalsafa wawili wakipingana, Diogenes wa Babeli na Antipater. Diogenes asema si lazima kusema yote unayoyajua. Antipater asema kuficha jambo kama hili kwawakosea wenzako. Cicero alimkubali Antipater.

Mtakatifu Toma, aliyeshughulika na swali la namna ile ile, alitenga mambo mawili. Alisema kwamba muuzaji auzaye kwa bei aliyoikuta, akinyamaza juu ya wale wajao nyuma, haonekani kuvunja haki. Lakini akisema, au akipunguza bei, fadhila yake ni kubwa zaidi. Tuzishike tofauti hizi mbili, kwa kuwa zitatusaidia mbele: yako yale ambayo haki yadai, na yako yale ambayo wema hutoa bila kudaiwa. (Kwa upande wangu naona kwamba mbele ya watu wenye njaa kimya hicho ni kigumu kukitetea. Lakini twazungumza juu ya simu na viatu, si juu ya chakula cha wenye njaa.)

Mfano wa jambo hili ulionekana katika Marekani mwaka 2007. Tarehe 29 Juni kampuni ya Apple ilianza kuuza simu yake ya kwanza iitwayo iPhone. Ile yenye nafasi kubwa ilikuwa na bei ya dola 599. Watu walipanga mstari mbele ya maduka ili wawe wa kwanza. Tarehe 5 Septemba, yaani siku 68 tu baadaye, kampuni ilishusha bei hadi dola 399. Wanunuzi wa kwanza walikasirika sana. Walisema, Sisi tuliowaamini kabla ya wengine ndio mliotuadhibu. Kesho yake mkuu wa kampuni, Steve Jobs, alitoa barua kwa watu wote. Alishikilia kwamba kushusha bei kulikuwa sawa. Hata hivyo aliwapa wanunuzi wale wa kwanza haki ya kuchukua vitu vya thamani ya dola 100 katika maduka ya kampuni. Na wale walionunua katika siku 14 za mwisho waliweza kurudishiwa dola 200 zote, kwa sababu kanuni ya duka ilikuwa imekwisha kuahidi hivyo.

Tazameni vizuri: wanunuzi wa namna mbili, malipo ya namna mbili. Wale wa siku 14 walidai ahadi, wakapewa ahadi. Wale wa zamani zaidi hawakuwa na ahadi yo yote. Walichopewa kilikuwa zawadi, hata kama mtoaji aliitoa ili kutuliza kelele za watu.

Manung'uniko yale mwayajua tayari. Katika Injili ya Mtakatifu Mateyo, sura ya 20, twasoma habari ya vibarua wa shamba la mizabibu. Wale wa asubuhi walipatana dinari moja, wakapewa dinari moja. Kilichowachoma moyo si ujira wao, bali ujira wa wale waliofika jioni. Mwenye shamba awakumbusha kwamba hakuwadhulumu, kwa kuwa mapatano ndiyo hayo. Najua kwamba mfano huu wafundisha kwanza ukarimu wa Mungu, si biashara ya simu. Lakini watuonyesha uchungu ule ule: mtu alikuwa ameridhika kabisa na mapatano yake mpaka alipoona ya jirani.

Basi, mnunuzi hakudhulumiwa. Je, yafuata kwamba hawezi kurudisha kitu? La. Hapa wengine hukosea upande wa pili, wakaiona kila faida kuwa dhambi.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya iko sheria iliyowekwa mwaka 2011 na kuanza kutumika tarehe 13 Juni 2014. Anunuaye kwa njia ya intaneti anazo siku 14, tangu alipopokea kitu, za kuyavunja mapatano bila kutoa sababu. Watunga sheria waliona kwamba mnunuzi wa mbali hakukishika kitu kabla ya kulipa. Yafaa apewe nafasi ya kukitazama, kama wewe ulivyokitazama kitenge juani. Akikirudisha, muuzaji ampa fedha zake, pamoja na nauli ya kawaida ya kukileta. Nauli ya kukirudisha hulipa mnunuzi mwenyewe, isipokuwa muuzaji amekubali kuichukua. Na kama mnunuzi alikitumia kupita kiasi cha kukijaribu, thamani iliyopungua ni juu yake. Viko vitu visivyorudishwa: nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake tu, au chakula kiozacho upesi. Katika Marekani hakuna sheria ya taifa zima ya namna hiyo kwa ununuzi wa intaneti. Huko ahadi ya kila duka ndiyo kipimo.

Sasa, kama siku 14 zilitolewa kwa ajili ya kukitazama kitu, je, ni halali kuzitumia kwa ajili ya bei? Swali hili lilifikishwa mbele ya waamuzi katika nchi ya Ujerumani. Mtu mmoja alinunua magodoro mawili kwa intaneti mwezi wa Januari 2014. Muuzaji alikuwa ametangaza ahadi kwamba bei yake haishindwi na bei ya mwingine. Mnunuzi akaona mahali pengine magodoro hayo kwa bei ndogo zaidi, akamwomba muuzaji amrudishie tofauti, yaani euro 32 na senti 98. Kama sivyo, atayarudisha magodoro. Hawakupatana, akayarudisha. Muuzaji alisema: Huyu atumia sheria vibaya, hakuyakataa magodoro, aitaka bei. Tarehe 16 Machi 2016 mahakama kuu ya nchi iliamua kwamba mnunuzi hakukosa. Sheria haimdai sababu, basi sababu yake haiwezi kumhukumu. Yatosha amerudisha ndani ya siku zilizowekwa. Waamuzi waliacha nafasi kwa mtu mwenye hila au nia ya kumdhuru muuzaji; lakini kulinganisha bei, wakasema, si hila.

Naona hukumu hiyo ni njema, na si kwa sheria tu bali kwa dhamiri pia. Muuzaji aijua ruhusa hiyo kabla ya kuuza. Amekwisha kuihesabu katika bei zake. Anayeingia kwa mlango ulioachwa wazi na mwenye nyumba hakuruka ukuta.

Mtazameni tena mnunuzi yule wa magodoro. Alianza kwa kuomba, akasema wazi anachokitaka na atakachokifanya asipokipata. Hakubuni kasoro katika magodoro. Hapo, ndugu zangu, ndipo penye kiini cha shauri letu lote: bei iliyoshuka haikupi dai, ni ruhusa tu ikupayo njia, na njia hiyo hupitiwa uso ukiwa wazi.

Maana majaribu yako tayari. Muuzaji huuliza mara nyingi kwa maandishi: Kwa nini wakirudisha? Na chini yake yameandikwa majibu ya kuchagua. Ukisema «nimebadili nia», nauli ya kurudisha huenda ikawa juu yako. Ukisema «kimefika kimeharibika», nauli ni juu ya muuzaji. Kidole kimoja tu chatosha. Wengi hugusa jibu la pili, wala hawaoni kuwa wamesema neno lo lote, kwa kuwa mdomo wao umefumba. Lakini uwongo wa kidole ni uwongo, na huu umeshika fedha mkononi: nauli ambayo ilikuwa deni lako umemtwika mwingine. Tena muuzaji akiwa mtu mdogo, atumiaye jukwaa la kampuni kubwa kuuza vitu vichache, aandikwa kuwa ameuza kitu kibovu. Jina lake lachafuka, nalo ndilo mtaji wake. Hapo umeikosa amri ya nane pamoja na ya saba.

Iko na hila nyingine, yenye akili zaidi. Mtu amenunua simu kwa euro 300, ameifungua, ameitumia siku kumi. Bei yashuka hadi 250. Ajua kwamba akiirudisha iliyotumika atakatwa fedha. Basi anunua ya pili kwa 250, haifungui, airudisha hiyo pamoja na risiti ya ile ya kwanza, apokea 300. Kisha asema, Hasara i wapi? Simu niliyorudisha ni mpya, wala haina tofauti na ile. Wenye duka hawakupoteza kitu.

Maneno haya huwapumbaza hata watu wema, basi tuyachunguze. Wenye duka waliahidi kuipokea tena simu ile waliyoiuza kwa 300, katika hali itakayorudi nayo. Ile imekwisha tumika. Wangeipokea kwa kupunguza. Hawakuahidi kamwe kulipa 300 kwa simu iliyotoka kwao kwa 250. Wamelipa kwa sababu waliambiwa, «Hii ndiyo ile», nayo siyo. Ondoa uwongo huo, fedha zile zisingetoka. Kitu kisichoweza kupatikana ila kwa uwongo si haki ya mtu akipataye. Kama mtu huyo aamini kweli kwamba hakuna hasara, na amwandikie muuzaji jinsi atakavyofanya, aone kama atakubaliwa. Hakuna aandikaye.

Na je, yule anunuaye leo akiwa na nia mbili, kwamba bei ikishuka atarudisha, isiposhuka atabaki nacho? Kama ruhusa ipo na kitu hakiguswi, simhukumu. Lakini na ajiulize: bei ingalipanda baada ya kununua, angalimwendea muuzaji amwongezee tofauti? Ruhusa hii ni ya upande mmoja. Muuzaji hawezi kuja mlangoni akidai kitu chake kwa sababu sasa kina thamani zaidi. Aliyepewa ruhusa ya upande mmoja yafaa aitumie kwa kiasi.

Yafaa kwa sababu nyingine tena. Sanduku lirudilo halirudi bure. Lachukuliwa kwa gari, lafunguliwa, lachunguzwa, na mara nyingi kitu hakiuzwi tena kama kipya. Viko vilivyoharibiwa makusudi, kwa kuwa kuvichunguza kwagharimu kuliko vinavyostahili. Jambo hilo lilizidi hata Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2024, ukaamua kuyazuia makampuni makubwa yasiharibu nguo na viatu visivyouzwa, pamoja na vile vilivyorudishwa na wanunuzi ndani ya siku zao. Kwa hiyo anayetaka tofauti ya bei na aanze kwa kuiomba. Maduka mengine huitoa, na sanduku halisafiri.

Juu ya wauzaji nitasema kidogo tu, kwa kuwa wao si wasomaji wa gazeti hili. Wako wanaopandisha bei kwa siku chache ili waishushe kwa tarumbeta. Tangu tarehe 28 Mei 2022 sheria za Umoja wa Ulaya zawalazimu, wanapotangaza punguzo, waonyeshe bei ndogo kuliko zote waliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Udanganyifu wao ni dhambi kama wa mnunuzi. Lakini hila ya duka moja haimpi mtu kibali cha kulidanganya duka lingine, wala lile lile.

Labda mwingine atauliza: Na yule aliyekwisha kugusa jibu la uwongo, muuzaji akalipa nauli, afanyeje? Jibu ni lile la siku zote juu ya mali ya watu: toba peke yake haitoshi, lazima arudishe. Tena hawezi kukimbilia desturi ya kuwapa maskini fedha hizo, maana njia hiyo ni ya wale wasiomjua mwenye mali, naye amjua. Anwani yake imeandikwa katika risiti. Amwandikie na kumtumia nauli ile. Pengine duka ni kubwa mno, na barua yake haitajibiwa, wala hakuna sanduku la kupokelea fedha za namna hiyo. Halazimiki kutaja jina lake wala kosa lake mbele ya watu. Deni laweza kulipwa kwa siri. Siku nyingine akipokea kutoka duka lile lile kitu kilichofika na kasoro kweli, ambacho wao ndio wapaswao kulipia nauli ya kukirudisha, na ailipe yeye mwenyewe.